Mume ataka Camry ya haibridi, mimi Premio yangu yatembea

Assalaam aleikum Ami, na shikamoo.

Mimi nina duka dogo la leso Biashara Street, na makazi yetu ni Mtwapa. Mume wangu ni baharia: miezi tisa melini, mitatu nyumbani. Huu ndio wakati wake wa nyumbani, na nyumba imegeuka yadi ya magari. Chai ya asubuhi ni Camry, chakula cha mchana ni Camry, na usiku tukishazima taa bado ananigeuzia simu nione picha.

Gari lenyewe liko yadi moja upande wa Nyali. Ni Toyota Camry ya 2019, haibridi, yaani ya petroli na umeme pamoja, injini ya 2500, nyeupe ya lulu, viti vya ngozi, kilomita 64,000. Bei ni milioni 3.6, na muuzaji asema hapo ndipo mwisho. Tumekwenda kuliona mara mbili. Sitasema uongo, ni gari zuri. Nilipokaa nyuma nilinyoosha miguu kama niko kwenye kochi la mama mkwe, na muuzaji alipoliwasha sikusikia kitu. Nikamwuliza, "Mbona huliwashi?" Akacheka, gari lilikuwa limeshawaka.

Mimi naendesha Premio ya 2009, ya 1800, tuliyoinunua mwaka 2016. Imenilaza njiani mara mbili tu, na moja kati ya hizo ilikuwa kosa langu, mafuta yaliniishia Bombolulu. Ina mikwaruzo, bushi za mbele zinagonga nikipita matuta, na kiyoyozi kinapuliza upepo wa kuomba radhi. Lakini inatembea. Kila siku isipokuwa Jumapili natoka Mtwapa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kiti cha nyuma kimejaa marobota ya leso, na narudi magharibi. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 40. Ukiongeza safari za Kilifi kumwona mama, mwezi unafika kilomita 1,200. Foleni ya Bamburi, Lights na daraja la Nyali waijua mwenyewe. Premio inanipa kilomita 10 kwa lita, siku mbaya 9. Kwa petroli ya shilingi 180 hivi, nachoma 21,600 kwa mwezi.

Hoja ya baba watoto ni hii: haibridi itakula nusu ya hayo, na pesa ya mafuta ndiyo itakayolipa mkopo. Tuna akiba ya milioni 1.4. Dalali asema Premio itauzika 700,000. Milioni 1.5 iliyobaki nikope mimi kwenye Sacco yangu, asilimia 1 kwa mwezi kwa deni linalopungua, miezi 48. Bima kubwa tumeambiwa ni asilimia 4 ya bei ya gari. Premio nimeikatia ile ndogo tu, ya mtu wa tatu.

Washauri nao hawakosi. Shemeji yangu asema gari hilo ukilichaji kwa stima usiku hulitii petroli wiki nzima. Fundi wangu wa Majengo asema betri yake ikifa, gari labaki banda la kuku. Kila mmoja aapa.

Kuna jambo moja sijamwambia mume wangu. Ile milioni 1.4 mimi nilikuwa nimeshaipigia hesabu ya kumwaga slabu kwenye kiwanja chetu cha Mtopanga, tupandishe vyumba viwili vya kupangisha. Na moyoni nahisi yeye hataki gari, ataka mtaa ujue kwamba amerudi. Muuzaji ataka arubuni ya laki mbili kabla ya Ijumaa. Nifanyeje, Ami?

Mama wa Leso, Mtwapa

*

Waaleikum salaam, mwanangu, na marahaba.

Gari hilo ni zuri. Hoja ya kulinunua ndiyo mbovu, na nitakuonyesha palipoharibika, kwa sababu mumeo si mjinga na shemeji yako hajadanganya kwa makusudi.

Nianze na shemeji, ndiye mwepesi. Camry hiyo haina tundu la kuchomeka waya wa stima. Yako magari ya aina hiyo, lakini hili si mojawapo. Umeme wake watoka mahali pawili tu: kwenye petroli uliyolipia, na kwenye mwendo ambao gari la kawaida huutupa. Ukikanyaga breki ya Premio, mwendo wageuka joto kwenye pedi na kupotelea hewani. Ukikanyaga ya Camry, mota ya umeme yageuka jenereta, yalizuia gari, na sehemu ya nguvu ile yarudi kwenye betri. Dakika moja baadaye nguvu hiyohiyo yakusukuma kutoka ulipo hadi nyuma ya matatu iliyo mbele yako, injini ikiwa imezimika. Ndiyo maana haukuisikia ikiwaka pale yadi.

Kwa hiyo njia yako wewe, ya simama-ondoka kutoka Shanzu hadi darajani, ndiyo hasa njia ya haibridi. Mtu anayekwenda Nairobi mara kwa mara hafaidi kama wewe, kwa sababu kwenye barabara ndefu hana breki za kuvuna. Marekani, ambako serikali huchapisha matumizi ya kila gari jipya, Camry haibridi ya 2019, toleo la LE, iliandikwa maili 52 kwa galoni, sawa na kilomita 22 kwa lita. Zile zenye madoido zaidi zilipata 46, kama kilomita 19 na nusu. Camry ya petroli tupu, injini ya ukubwa uleule, ilipata 32 hadi 34, kilomita 14 kwa lita. Tofauti si ya hadithi, ipo. Kwa Mombasa, kiyoyozi kikiwa juu tangu asubuhi na tairi zikiwa hazijajazwa upepo tangu Idi, mimi nakuhesabia 17. Mzee mmoja barazani kwetu asema haipiti 15, tumebishana hadi kahawa ikapoa.

Tutumie 17 yangu. Kilomita 1,200 zataka lita 70 na nusu, kama shilingi 12,700. Leo wachoma 21,600. Umeokoa 8,900 kwa mwezi. Si nusu aliyoisema baba watoto, lakini si haba.

Sasa mlete mkopo akae kando yake. Asilimia 1 ya milioni 1.5 ni 15,000. Hiyo ni riba ya mwezi wa kwanza, hujagusa deni lenyewe. Deni lataka 31,250 nyingine. Utatoa 46,250 na mafuta yatakurudishia 8,900. Riba itashuka kila mwezi kwa shilingi 312 na senti 50, na mpaka mwezi wa 21 ndipo itakapokuwa chini ya pesa unayookoa kwenye petroli. Ukifika mwezi wa 48 utakuwa umelipa riba ya 367,500 na umeokoa mafuta ya 427,200. Yaani miaka minne ya kulipa imekuachia elfu 60 kasoro.

Halafu bima yabisha hodi. Asilimia 4 ya milioni 3.6 ni 144,000, na hiyo ni ya mwaka mmoja. Zile elfu 60 za miaka minne hazifiki nusu yake. Na mwanangu, usiniambie utaikatia Camry ya mkopo bima ya mtu wa tatu. Ikigongwa pale Kongowea na mtu asiye na mbele wala nyuma, utalipa miaka minne gari lililolala kwa fundi wa bati.

Kwa hiyo ile kauli kwamba mafuta yatalipa mkopo, iondoeni mezani. Mafuta hayalipi mkopo. Mafuta hayalipi hata bima. Anayetaka Camry aitake kwa kuwa ni Camry, imetulia, ina nafasi, mama akipandishwa Kilifi hashuki akishika kiuno. Hizo ni sababu halali kabisa za kununua gari, mradi mtu ajue ndizo anazozilipia.

Kama ungeniandikia kwamba Premio imekufa, injini imepasuka, ningekujibu barua nyingine. Hapo ungekuwa huna budi kununua gari, na swali lingekuwa Camry hii dhidi ya gari jingine la bei hiyohiyo. Ukiweka haibridi kando ya saluni ya petroli ya ukubwa uleule na bei zikikaribiana, mimi huchukua haibridi bila kufikiri mara mbili. Lakini wewe wailinganisha na gari ambalo limeshalipwa. Gari lililoisha kulipwa ni mpinzani mgumu sana.

Nije kwa fundi wako wa Majengo. Huyu amechanganya kweli na hofu, na kweli yake yataka kuchambuliwa.

Betri ya haibridi si kitu kimoja kama ile ya Premio. Ni seli nyingi zilizopangwa pamoja, na kompyuta ya gari haiziachi zijae kabisa wala ziishe kabisa. Zazungushwa katikati, na hilo ndilo linalozipa umri. Toyota ilianza kuuza Prius Japani Desemba 1997, si teknolojia ya jana. Kwa magari yaliyouzwa Marekani, kampuni hiyo iliidhamini betri miaka 8 au maili 100,000, na kuanzia modeli za 2020 ikapandisha hadi miaka 10 au maili 150,000. Hakuna mfanyabiashara anayetia saini hiyo kwa kitu anachojua kitakufa mwaka wa tano. Lakini dhamana ya huko haipandi meli kuja Kilindini. Hapa kwetu betri ikichoka ni wewe na mfuko wako, na gari la 2019 si changa tena.

Adui mkubwa wa betri hizi ni joto, nasi joto tunalo la kuuza. Gari hupoza betri kwa feni inayovuta hewa ya ndani ya gari, kupitia kijidirisha chenye wavu maeneo ya kiti cha nyuma. Soma tena barua yako: kiti cha nyuma kimejaa marobota ya leso. Ukiziba kijidirisha kile kwa robota, au kikashika vumbi na nyuzi za pamba mwaka mzima, betri yapikwa taratibu na wewe huna habari, mpaka siku taa itakapowaka kwenye dashibodi. Ni kazi ya nusu saa kusafisha. Nani atakukumbusha, mumeo akiwa bahari ya Hindi?

Na kiyoyozi! Hapa nina kidonda changu. Haibridi za Toyota za miaka hii huendesha kompresa ya kiyoyozi, ile pampu inayosukuma gesi, kwa umeme wa betri kubwa, ndiyo sababu baridi haikatiki injini ikizima kwenye foleni. Kompresa hiyo yataka mafuta yake maalumu yasiyopitisha umeme. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa na Fielder haibridi, nikampelekea kijana mmoja wa kando ya barabara anitilie gesi. Akatia gesi, na akaisindikiza na mafuta ya magari ya kawaida. Baridi ilikuja, nikamshukuru, nikampa na ya soda. Wiki ya tatu gari likawasha pembetatu nyekundu katikati ya daraja la Nyali, Ijumaa, saa sita na nusu, nyuma yangu wote wanakimbilia swala. Sitayarudia niliyoitwa. Kompresa ilitoka, ikaingia nyingine, na pesa iliyonitoka nilimficha mke wangu hadi leo, kwa hiyo tafadhali barua hii isimfikie. Kwako wewe maana yake ni hii: mafundi wenye mashine ya kulisoma gari hili na wanaojua waya za rangi ya chungwa haziguswi ovyo wapo Mombasa, lakini si kila chini ya mwembe. Fundi wako wa Majengo amekiri mwenyewe kwa ile kauli ya banda la kuku kwamba halijui. Itakubidi umtafute mwingine, na ni wewe utakayemtafuta.

Maji ya mvua nayo. Mwakumbuka zile mvua za Novemba 2023, barabara zilivyogeuka mito. Betri ya Camry hiyo imelala chini ya kiti cha nyuma, karibu na sakafu. Premio ukiipitisha kwenye dimbwi la magotini ni ujinga, Camry haibridi ni ujinga wa gharama. Na chumvi ya bahari hula viungo vya waya chini ya gari, lakini hiyo yatula sote.

Kwa upande wa pili, haibridi ya Toyota haina alteneta wala stata ya kuharibika, na pedi za breki hudumu kwa kuwa mota ndiyo inayofanya kazi kubwa ya kuzuia. Sanduku lake la gia ni gia chache zinazoshikana wakati wote, hakuna mkanda wa kuteleza ndani. Kiufundi naliamini gari hili kuliko nyingi za bei yake. Spea za bodi ndizo zitakazokukera. Taa ya mbele ya Premio waipata kabla ya adhuhuri. Ya Camry utaisubiri, na siku ya kuuza utamsubiri na mnunuzi, kwa sababu mtaani wengi bado wanaongea kama fundi wako.

Swali ambalo hukuniuliza: kwa nini milioni 3.6? Sehemu kubwa si gari, ni kodi. Ushuru wa forodha ni asilimia 35 tangu Julai 2023, awali ulikuwa 25. Injini ya petroli ikizidi 1500, ushuru wa bidhaa ni asilimia 25. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ni 16. Na kila mmoja hukaa juu ya mgongo wa mwenziwe, hivi kwamba shilingi 100 za thamani iliyokadiriwa na KRA, mamlaka ya kodi, zatoka bandarini zikiwa zaidi ya 195, kabla ya ada ndogondogo na tozo ya reli. Haibridi haipati ile nafuu ya magari ya umeme mtupu, huhesabiwa kwa ukubwa wa injini kama gari lolote. Ndiyo maana mtu anayetaka kuokoa mafuta kwa dhati huangalia Axio haibridi ya 1500: ushuru wa bidhaa ni asilimia 20, thamani ya kuanzia ni ndogo, na spea zake si za kutafutia tochi. Mumeo atasema hilo ni gari la teksi. Kweli. Dereva wa teksi hanunui gari kwa kupenda rangi ya lulu.

Sasa tuje kwa baba watoto, maana hapa ndipo barua yako ilipokuwa inaelekea tangu mstari wa kwanza.

Usimwambie ataka kuonekana na mtaa. Huenda ni kweli na huenda si kweli, lakini ukishalitamka halirudi. Mtu aliyelala miezi tisa juu ya injini ya meli ana haki ya kutamani gari lisilo na sauti. Mwambie hivyo, utaona uso wake. Kisha muulize jambo la karatasi. Mkopo ni wa jina lako, na wadhamini ni wenzako wa sokoni, si mabaharia. Mabaharia wengi hulipwa kwa mkataba, na miezi ya nchi kavu haina mshahara. Miezi hiyo mitatu yafika hadi 137,800 hivi ya marejesho. Yatatoka wapi, kwenye leso? Mkataba ujao ukichelewa, je? Sikwambii uulize kwa ukali. Uliza kalamu mkononi, muandike wote wawili.

Na ile slabu ya Mtopanga, itoe kifuani leo. Wewe wamlaumu kwa kupigia akiba hesabu ya gari, na wewe umeipigia hesabu ya vyumba kimyakimya. Yeye hajui anashindana na nini. Pengine hata vyumba angevipenda. Yeye ndiye atakayezeeka na kuacha meli siku moja, naye atataka kitu kinacholeta kodi.

Mimi nafikiri msinunue mwaka huu. Tengenezeni Premio vizuri: bushi, kiyoyozi, na kagua mfumo wa kupoza injini kwa umri wake. Halafu, kuanzia mwezi ujao, wekeni 46,250 kwenye Sacco kila mwezi, kana kwamba mkopo mmeshauchukua. Mwaka ukiisha zitakuwa 555,000, na pengo la Camry litakuwa chini ya milioni. Mkishindwa kuziweka, mmejua jambo hilo bila kupoteza Premio. Na siku hiyo mnaweza kuchagua upya, gari au slabu, pesa ikiwa mkononi.

Kabla hajarudi melini, kodisheni haibridi siku mbili. Aendeshe yeye Mtwapa hadi Biashara Street saa yako ya asubuhi, si Jumapili jioni barabara ikiwa nyeupe. Jazeni tangi mpaka ikatike, zungukeni, jazeni tena pampu ileile, mgawanye kilomita kwa lita.

Huenda akashikilia lilelile la Nyali. Basi arubuni ya laki mbili isitoke kabla ya Ijumaa hii wala ijayo, mpaka haya yafanyike. Mwombe muuzaji karatasi ya mnada wa Japani, na mtu anayeisoma awasomee: gredi, alama za kugongwa, na hasa kama gari liliwahi kuingiwa na maji. Magari yaliyozama hupigwa mswaki yakang'aa na kupandishwa meli kama mengine. Nyanyua zulia chini ya viti unuse, tazama skrubu za reli za viti kama zina kutu ambayo gari lenye kilomita 64,000 halipaswi kuwa nayo. Linganisha kilomita hizo na zilizoandikwa kwenye cheti cha ukaguzi kilichofanywa kabla halijapakiwa. Fundi wa haibridi achomeke mashine yake na asome nguvu za vipande vya betri kimoja kimoja gari likiwa linatembea, vyote vinapaswa kukaribiana. Kisha lipandisheni hadi Mariakani na kurudi, kiyoyozi kikiwa wazi, mtu mmoja akiwa amekaa nyuma anaisikiliza ile feni. Muuzaji akikataa mashine isichomekwe, ameshawajibu. Na risiti ya arubuni iandikwe kwamba ukaguzi ukikwama, pesa yarudi. Dalali atasema kuna mteja mwingine yuko njiani kutoka Malindi. Huwa yuko njiani siku zote huyo.

Marobota yako, hata kwenye Premio, yahamishie butini. Na mkishaikodisha hiyo haibridi, niandikie imekwenda kilomita ngapi kwa lita. Barazani kuna kahawa ya watu wanane iliyowekwa dau kati ya 15 na 17.

Ami